Pleya inavuma hata sindano ikiwa juu

Swali: Shikamoo mtaalamu. Naandika kutoka Ngamiani, Tanga. Mjomba amenipa pleya ya santuri inayozungushwa kwa mkanda, mtumba wa Japani, pamoja na santuri za marehemu babu: nyingi ni zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, LP (zile kubwa za 33⅓) kama ishirini hivi, na nne nzito za 78. Pleya inapata umeme kupitia transfoma ya kushusha, kisha inaingia kwenye amplifaya ya zamani yenye tundu la PHONO. King'amuzi nacho nimekichomeka kwenye amplifaya hiyo hiyo. Pleya na spika ziko juu ya kabati moja la vyombo. Nikiwasha tu, spika zinavuma mmmmm hata sindano ikiwa juu, na nikigusa mkono wa pleya mvumo unapungua. Nikizidisha sauti, besi inaanza kunguruma yenyewe mpaka vioo vya kabati vinalia. Na santuri karibu zote zinachakacha kama mtu anakaanga dagaa. Fundi ameniambia ninunue amplifaya nyingine. Ninunue?

Marahaba. Usinunue. Una matatizo matatu yaliyokutana kwenye kabati moja, na mpaka hapo hakuna hata moja linaloshitaki amplifaya. Mvumo unaosikika sindano ikiwa juu ni wa umeme. Mngurumo unaokua kadiri unavyozidisha sauti ni wa mtikisiko. Mchakacho ni wa santuri na sindano yenyewe. Ukiyashika yote kwa mkupuo hutajua kipi kimeponya kipi, kwa hiyo tunakwenda moja moja, tena mvumo kwanza, kwa kuwa ndio unaoyafunika mengine.

Pengine unajiuliza mbona king'amuzi kwenye amplifaya hiyo hiyo kiko kimya. Katriji, yaani kile kidude cha mbele kinachoshika sindano, ikiwa ni ya aina ya kawaida ya sumaku hutoa umeme wa milivolti 3 hadi 5 tu. King'amuzi kinatoa mamia ya milivolti. Ndiyo maana tundu la PHONO hukuza ishara kama mara 100 kabla ya kuipeleka kwingine. Halafu kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui: santuri hukatwa ikiwa na besi iliyopunguzwa makusudi, ili mifereji isipanuke ikaingiliana, na amplifaya huirudisha besi hiyo kwa kipimo kiitwacho RIAA. Kwenye 50 Hz, ambayo ndiyo mapigo ya umeme wa majumbani kwetu, kipimo hicho kinaongeza mara 7 nyingine. Zidisha upate mara 700. Chembe ya umeme ambayo AUX, lile tundu la vifaa vya kawaida kama king'amuzi, haiitambui kabisa, ikipenya PHONO inajaza sebule.

Sasa jaribio la kwanza, halihitaji kifaa. Zima mota, inua sindano, swichi ya amplifaya iwe PHONO. Geuza kitufe cha sauti taratibu kutoka sifuri. Mvumo ukipanda na kushuka pamoja na kitufe, chanzo kiko kabla ya kitufe: pleya, nyaya zake, au sehemu ya PHONO. Ukibaki vile vile hata kitufe kikiwa sifuri, hapo ndipo tuitazame amplifaya. Kisha hamia AUX ambayo haijachomekwa kitu. Pakiwa kimya, fedha ya amplifaya mpya ibaki mfukoni.

Kama mvumo uko spika moja tu, zima amplifaya, badilishana zile jeki mbili za pleya (nyekundu iende penye nyeupe), washa tena. Usichomoe PHONO ikiwa inafanya kazi, maana kile kishindo kinaweza kuumiza spika. Mvumo ukihamia spika ya pili, ugonjwa uko upande wa pleya. Ukibaki palepale, uko upande wa amplifaya.

Lakini wewe umeshatoa ushahidi mzito kuliko yote: ukigusa mkono, mvumo unapungua. Mwili wako unafanya kazi ya waya wa ethi ambao haupo, au upo umekatika. Tazama nyuma ya pleya. Pamoja na jeki mbili kunatakiwa kuwe na waya mwembamba, mara nyingi wa kijani au mweusi, wenye ncha ya uma. Huo hukazwa kwenye skrubu yenye alama ya GND karibu na tundu la PHONO. Kwenye mitumba waya huu mara nyingi umekatwa wakati wa kufungasha, au umezungushwa kwenye kebo na kusahauliwa. (Pleya za chapa ya Rega hazina waya huo kabisa, ethi yake hupita kwenye jeki ya kushoto. Kwa hiyo ukimwona mtu na Rega usimwambie imeibiwa waya.)

Kama waya upo na umekazwa, usiridhike. Tanga hewa ina chumvi, na msimu wa kusi ndiyo kabisa. Shaba inaota kutu ya kijani, bati linafifia, na skrubu inayoonekana imekaza inakuwa imekalia utando usiopitisha umeme. Fungua skrubu yote, sugua uma na pale unapobanwa na skrubu kwa ufutio wa penseli mpaka ving'ae, pangusa unga, kaza tena. Msasa uache, unakwangua ule mpako wa juu na kutu inarudi kwa kasi zaidi. Amplifaya ikiwa haina skrubu ya GND, tumia skrubu yoyote ya bodi yake iliyoshika chuma kitupu kisicho na rangi.

Halafu pima. Chomoa pleya kwenye umeme, toa kichwa, yaani kile kipande cha mbele kinachobeba katriji, ili mkondo wa mita usipite kwenye koili zake. Weka mita kwenye ohm, ncha moja iguse chuma cha mkono, nyingine uma wa ethi. Unataka usomaji wa chini ya ohm 1. Mita za bei nafuu husoma 0.3 au 0.5 hata ukigusanisha ncha zake zenyewe, basi toa kiasi hicho. Isiposoma chochote, waya umekatika ndani. Funga mkono kwenye kishikio chake, toa uzito wa nyuma, toa sahani inayozunguka, geuza pleya juu ya taulo na ufungue kifuniko cha chini. Fuata waya wa ethi mpaka kitako cha mkono. Kosa huwa hapo, au pale kebo inapoingilia kwenye boksi. Chukua tochi utazame viungo vya risasi kwa karibu: kiungo kizima kinang'aa na kimetandaa kama tone la maji lililolowesha kitambaa, kibovu kina rangi ya jivu, kimevimba kama chunusi, na kuna ufa mwembamba wa duara kuzunguka waya. Ukikisukuma kwa kijiti cha meno, waya unacheza. Kipashe moto kwa pasi ya risasi ya wati 30 au 40, ongeza risasi kidogo, sekunde tatu, ondoa. Ila usiunguze risasi kwenye pini za katriji yenyewe. Joto linapanda mpaka kwenye koili na hapo utakuwa umeua mgonjwa kwa dawa.

Ukiwa bado una kichwa mkononi, safisha pini nne za nyuma yake kwa ufutio, na zile nne ndani ya mkono kwa kijiti cha pamba chenye spiriti safi ya isopropili. Kisha vuta kidogo vile vibano vinne vya nyaya nyuma ya katriji na uvirudishe, kimoja kimoja, kwa kibanio na si kwa vidole. Nyeupe ni ishara ya kushoto na buluu ni ethi yake. Nyekundu ni ishara ya kulia na kijani ni ethi yake. Kibano cha buluu au kijani kikilegea, spika ya upande huo inavuma kwa nguvu na muziki unakuwa mwembamba au unapotea.

Mvumo ukipungua lakini usiishe, anayefuata kushukiwa ni king'amuzi. Dishi lako liko juu ya paa, limeshikana na bomba au ukuta, na kebo yake inaleta ethi ya pili mpaka kwenye amplifaya. Amplifaya ikiwa na plagi ya pini tatu ina ethi yake ya ukutani. Ethi mbili zisizolingana huzungusha mkondo mdogo kupitia nyaya zako za sauti, nao unasikika. Kuzima king'amuzi hakusaidii. Chomoa kebo ya sauti inayotoka kwake, washa, sikiliza. Kukitulia umempata. Tiba nyepesi ni kuchomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Isipotosha, nunua kitransfoma kidogo cha kutenganisha ethi kwenye laini ya sauti, ukiweke kati ya king'amuzi na amplifaya, kamwe si kati ya pleya na PHONO.

Wapo watakaokushauri ukate pini ya ethi kwenye plagi ya amplifaya. Mvumo kweli unaweza kuisha. Ila siku transfoma ya ndani ikivuja, bodi nzima ya amplifaya inakuwa na volti 230, na mkono wa pleya umeunganishwa na bodi hiyo hiyo kwa ule waya uliotoka kuukaza. Na kama hata sasa ukigusa bodi kwa mgongo wa kiganja unahisi kama inatambaa, au inakupiga kidogo, acha yote, mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA apime ethi ya nyumba. Nyumba nyingi za zamani zina soketi za pini tatu ambazo tundu la ethi halikufungwa kitu nyuma.

Transfoma ya kushusha nayo ina neno. Umeme wa Japani ni volti 100, hivyo unaihitaji, ila ina uga wa sumaku unaoingia kwenye koili za katriji bila kugusa waya wowote. Washa pleya, sindano juu, usogeze mkono taratibu kutoka pembeni kuelekea katikati ya sahani. Mvumo ukibadilika kadiri mkono unavyohama, ni sumaku, na ethi haitaitibu. Ihamishe transfoma chini sakafuni, mita moja au zaidi kutoka kwenye pleya. Uga wa aina hii hupungua haraka: ukizidisha umbali mara mbili, unashuka mpaka karibu sehemu moja ya nane. Stabilaiza vilevile, na hata transfoma ya amplifaya kama umeibeba pleya juu yake. Halafu ile plagi bapa ya pini mbili ya Kijapani, ichomoe uigeuze upande uirudishe. Inaonekana kama uganga, lakini inabadilisha upande ambao mota inavujishia umeme kidogo kwenye bodi, na mara nyingine mvumo unashuka nusu. Ukiwa hapo, angalia pia kibati cha nyuma kama pleya imeandikwa 50 Hz, 60 Hz au zote. Magharibi ya Japani wanatumia 60, na mota ya mkanda inayofuata mapigo ya umeme, ikiwa na puli ya 60, kwetu itazungusha LP kama mizunguko 27.8 kwa dakika badala ya 33⅓. Waimbaji wote watakuwa na sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini.

Mlio wa "trrr, tt-tt-tt" unaokuja na kwenda ni simu, iondoe juu ya kabati. Mlio mkali wa "zzzz" unaotokea taa au feni fulani ikiwashwa ni swichi ya kupunguzia mwanga au kasi.

Na amplifaya? Ingekuwa na hatia kama mvumo ungekuwa kwenye kila tundu na usiofuata kitufe cha sauti. Hapo huwa ni 100 Hz, wa juu kidogo na wenye mkwaruzo, si ule mzito wa 50, na mkosaji wa kawaida ni kapasita kubwa za kuchuja umeme ambazo zimekauka. Programu ya bure ya kuonyesha masafa kwenye simu itakutofautishia 50 na 100 kwa kutazama tu. Kubadilisha kapasita mbili ni nafuu kuliko amplifaya: mikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, na zile zinazostahimili joto la nyuzi 105 za Selsiasi. Mwachie fundi, zinabaki na chaji hata baada ya kuchomolewa.

Tuje kwenye mngurumo. Hapa sindano ndiyo sikio. Spika inatikisa kabati, kabati linatikisa pleya, sindano inasikia mtikisiko na kuurudisha kwenye spika, mzunguko unaendelea mpaka vioo vinalia. Thibitisha hivi: weka santuri usiyoijali, mota ikiwa imezimwa, teremsha sindano juu yake, pandisha sauti polepole huku mkono mwingine ukiwa tayari kushusha. Gonga kabati kwa ncha ya kidole. Ukisikia dundo kwenye spika kama ngoma, pleya yako haijatengwa. Mngurumo ukianza kujipandisha wenyewe, shusha mara moja, koili ya besi haivumilii hilo kwa muda mrefu.

Dawa ya kwanza ni bure: teremsha spika kutoka kwenye kabati. Hiyo peke yake inaweza kumaliza kazi. Kifuniko cha plastiki cha pleya nacho kitoe wakati wa kupiga, kinadaka sauti kama kiwambo cha ngoma. Baada ya hapo tengeneza kitako kizito. Kwa mafundi wa kaunta kuna mabaki ya graniti. Kipande cha sm 45 kwa 40, unene sm 2.5, kina kilo kama 12. Chini yake weka vipande vinne vya ndala mpya, sm 4 kwa 4. Vikibonyea kidogo ndiyo sawa. Visipobonyea kabisa havizuii kitu, na vikilala bapa kama chapati navyo havina kazi, ongeza vipande. Ukiwa ghorofani kwenye nyumba ya zamani yenye sakafu ya mbao au boriti, kila anayepita atarusha sindano, na hapo rafu ya ukutani inashinda kitako chochote, mradi ukuta ni wa tofali au mawe na skrubu zimepita plasta ya chokaa zikashika jiwe. Ukuta wa fito na udongo hautabeba mzigo huo.

Mngurumo ukibaki hata sauti ikiwa ndogo, na unasikika tu sahani ikizunguka, tazama ekseli. LP inazunguka mara moja kila sekunde 1.8, ya 45 kila 1.33. Hesabu: kishindo kinachorudi kila 1.8 kiko kwenye santuri au sahani. Kinachokuja haraka zaidi kiko kwenye mota au mkanda. Ng'oa sahani, pangusa mafuta yaliyoganda kwenye ekseli na kishimo chake, tia matone mawili au matatu ya mafuta ya cherehani. Si ya nazi wala ya kupikia, yanageuka gundi. Mkanda uliong'aa au uliolegea ubadilishe, na vidole vyenye mafuta visiuguse mpya.

Mchakacho umebaki mwisho kwa sababu ndio wa kazi ya mikono. Santuri zilizokaa miaka pwani zina vumbi lililogandishwa na unyevu, na mara nyingi ukungu mweupe uliotoka kwenye karatasi za jalada. Kuzipangusa kavu ni kulisukuma vumbi ndani ya mfereji. Nunua maji ya betri kwenye kituo cha mafuta, ila soma chupa: unataka maji yaliyotoneshwa, si asidi, maana baadhi ya maduka huviita vyote jina moja. Ya bomba yanaacha chokaa, ya kisima cha pwani yanaacha chumvi. Lita moja, matone matatu ya sabuni ya maji ya vyombo, kitambaa laini kisichotoa nyuzi, zungusha kufuata mfereji na usikate katikati, lebo isilowe. Suuza kwa maji yaleyale yasiyo na sabuni. Simamisha zikauke kivulini penye upepo; ukizianika juani saa sita mchana utavuna bakuli. Usizirudishe kwenye karatasi zenye ukungu.

Sindano ipanguse kwa brashi laini kutoka nyuma kuja mbele tu. Kama hujui umri wake, nunua mpya ya katriji hiyo hiyo kabla hujapiga santuri ya pili ya babu; iliyochakaa inachonga mfereji, na hakuna sabuni inayorudisha hapo. Kisha pima uzito wa kugusa. Katriji nyingi zinataka gramu 1.5 hadi 2.5, baadhi za bei nafuu mpaka 3.5, fuata karatasi yake. Mizani ndogo ya sonara inayosoma gramu 0.01 inatosha, ila sahani yake ya chuma huvutwa na sumaku ya katriji ikadanganya, basi weka kibao kidogo juu yake, irudishe sifuri, ndipo uteremshe sindano. Wengi wanapunguza uzito wakidhani wanaionea huruma santuri. Sindano nyepesi mno inarukaruka mferejini na kugonga kuta zake.

Kwa zile za 45, bonyeza kitufe cha MONO kwenye amplifaya kama kipo. Santuri ndogo nyingi za miaka ya 1960, na kwa mtu wa Tanga nadhani humo kuna vikundi vya kwenu kama Black Star, Lucky Star, Jamhuri Jazz au Atomic, zilikatwa kwa mono, yaani sauti ile ile moja kwa spika zote mbili. Sauti ya muziki iko kwenye mwendo wa pembeni wa sindano, wakati sehemu kubwa ya mngurumo na mchakacho ni ya mwendo wa juu na chini. MONO inaufuta huo wa juu na chini. Ni kitufe kimoja na hakuna kisafishio kinachokifikia.

Zile nne za 78 usizioshe kwa spiriti, hata tone. Zimetengenezwa kwa utomvu wa shelaki, na spiriti inauyeyusha. Wala usizipige kwa sindano uliyonayo. Mfereji wao ni mpana, unataka ncha ya mikroni kama 75, ya LP ni 18 hivi, kwa hiyo inazama mpaka chini kwenye takataka na kukupa mchakacho mtupu. Pleya yako pengine haina hata kasi ya 78. Zifute kwa kitambaa kikavu, kila moja kwenye bahasha yake, zisimame wima, na asiwekee mtu kitu juu yake, zinapasuka kama kigae.